Siku Moja kwa Miguu hadi Namugongo



Jumapili ya tarehe 2 Juni 2013 nilitembea kwa miguu kutoka Munyonyo hadi Namugongo, nchini Uganda, nikiwa na simu iliyozimwa mfukoni. Kama ningeiwasha, ningekuta ujumbe wenye matokeo yangu ya kidato cha nne. Sikuiwasha. Niliibeba kutwa nzima kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye leso.

Utaona sikuanza na jogoo kuwika. Nimesahihisha insha nyingi za safari, na katika nusu yake jogoo amewika, mama amechemsha chai, mwandishi ameoga na kuvaa, na karatasi imekwisha kabla hajafika kituo cha basi. Mimi nitakupeleka njiani mapema, ila kuna mambo mawili ya nyumbani lazima uyajue kwanza.

La kwanza ni mwaka wenyewe. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalitangazwa Februari 2013, na zaidi ya watahiniwa 240,000 tulipata daraja sifuri. Katika kila watahiniwa kumi, sita walikuwa wenzangu. Nchi nzima ilizungumza. Iliundwa tume, Bunge likachacha, na mwezi Mei serikali ikatangaza kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya. Wengi walikuwa na haki ya kulalamika. Mimi sikuwa nayo. Mwaka ule wa mwisho niliumalizia kwenye meza za pool, na nilijifunza kupiga mpira mweusi kwa pembe kuliko nilivyojifunza pembe za hisabati.

La pili ni la aibu zaidi. Siku matokeo yalipotoka sikurudi nyumbani Sokon I. Nilipanda nyuma ya lori lililokuwa likielekea Mererani, bila kumuaga mtu, na nikakaa huko siku tisa nikibeba viroba vya udongo wa mgodini kwa ujira wa chakula. Nilirudi kwa sababu ya homa, wala si kwa sababu ya akili. Mama alinikuta nimekaa kizingitini jioni. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na bakuli la makande. "Kula," akasema. Hakuongeza neno. Baada ya wiki mbili hivi aliniambia kwamba mwezi Juni tungekwenda Namugongo na kundi la mahujaji wa parokia, kwa sababu ameweka nadhiri.

Nadhiri ya nini, sikuuliza. Mtu mwenye sifuri akisikia mama yake ameweka nadhiri, hahitaji kuuliza. Nilijua ananiombea mtihani. Na tangu siku hiyo kila senti aliyoweka kando kutoka kwenye meza yake ya ndizi na mboga pale soko la Kilombero, na zamu yake nzima ya upatu, niliiona kama deni linalopanda juu ya kichwa changu. Matokeo mapya yalitangazwa Alhamisi, mwishoni mwa Mei. Sisi tulikuwa tunaondoka Ijumaa. Nilimwachia binamu yangu namba yangu ya mtihani aende akaniangalizie kwenye intaneti, kisha nikazima simu kabla basi halijafika Namanga.

Basi lilipita Nairobi usiku, Nakuru usiku wa manane, na mpaka wa Malaba alfajiri. Tulivuka mto Nile pale Jinja kina mama wa WAWATA wakiimba, na tukafika Kampala Jumamosi tukiwa tumechelewa misa ya Watanzania, ile ambayo kila tarehe 1 Juni huadhimishwa Namugongo kumwombea Mwalimu Nyerere katika mchakato wa kutangazwa mwenye heri. Kundi lilivunjika moyo. Kiongozi wa msafara akasema kesho wenye nguvu watatembea njia ya mashahidi kutoka mwanzo, wengine watapanda basi. Mama alikuwa na miaka 52 na goti bovu. Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Munyonyo ni kando ya Ziwa Viktoria. Siku hizi pana kanisa kubwa lililoanza kujengwa mwaka 2015. Sisi tulikuta mahali pa kimya zaidi, miti, ukungu wa ziwa, na mahujaji wengine waliokuwa wakifunga kamba za viatu gizani. Hapa ndipo Kabaka Mwanga alipokuwa na makazi yake Mei 1886, na hapa ndipo habari yenyewe ilipoanzia.

Ukisoma habari za mashahidi wa Uganda, usifikiri juu ya wazee wenye ndevu kama wanavyochorwa watakatifu kwenye vioo vya makanisa. Wengi wao walikuwa vijana wa ikulu, watumishi wa Kabaka, umri wako na kaka yako. Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka kama 14. Alibatizwa palepale Munyonyo na mkubwa wao, Karoli Lwanga, usiku wa kuamkia siku waliyohukumiwa. Hata Mwanga mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 18 hivi. Alirithi kiti mwaka 1884, na mara akaanza kusikia kwamba Wajerumani wanajitwalia ardhi upande wa pwani, kwetu huku, na kwamba askofu Mwingereza, James Hannington, anakuja kwa njia ya mashariki. Hannington aliuawa Busoga, Oktoba 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa ikulu, alimlaumu Kabaka kwa kitendo kile, na mwezi uliofuata naye akauawa. Juu ya hofu hiyo ya kisiasa likaja jambo lingine: vijana waliobatizwa walianza kukataa matakwa ya Kabaka ambayo dini yao mpya iliyakataza. Kijana mwenye kiti cha enzi aliona vijana wenzake wanamtii mtu mwingine.

Kuna neno moja nataka ulichukue. Waganda waliwaita waumini hao *abasomi*, yaani wasomaji. Kwa Kiganda, kusoma na kusali vilikwenda kwa neno lilelile moja, *okusoma*, nawe unalisikia lilivyo ndugu wa neno letu. Asubuhi ile ya Mei waliamriwa wanaosoma wasimame upande mmoja na wasiosoma upande wa pili. Karoli Lwanga alitangulia kuvuka akiwa amemshika Kizito mkono. Alipotusimulia mzee mmoja wa pale, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, nilisimama nyuma ya Mama nikijiuliza mimi siku ile ningesimama upande gani. Kwa maana ya kwanza ya neno, jibu lilikuwa limeshatoka Februari.

Tukaanza kutembea. Barabara ya Ggaba inapanda na kushuka kama mji wenyewe. Kampala ni mji wa vilima, na kwa mtu wa Arusha aliyezoea kuuona mlima mmoja mkubwa kaskazini na kujua yuko wapi, inachanganya. Kila ukigeuka kilima kingine. Tulipita Kansanga na Kabalagala maduka yakifunguliwa, harufu ya chapati na mayai ikitoka kwenye vibanda. Wenyewe huzikunja pamoja na kuziita rolex, kama saa. Mama alinunua moja tukagawana. Njiani tuliungana na watu ambao kwetu sisi walikuwa wamekwisha kutembea majuma: wengine wametoka magharibi mwa Uganda, wengine Kenya, fimbo mkononi, miguu imefungwa vitambaa, vumbi hadi kwenye kope. Hawakutuonea fahari. Mmoja alimtazama Mama miguuni, akacheka, kwa sababu Mama alikuwa anatembea kwa ndala na raba zake mpya za mtumba zimo kwenye mfuko.

"Hizi ni za kuingilia kanisani," Mama akamjibu.

Njia waliyopitishwa vijana wale haikuwa na chapati. Walifungwa kamba, wakaburutwa, na baadhi hawakufika. Ponsiano Ngondwe alichomwa mikuki siku ileile ya kwanza. Athanasi Bazzekuketta aliuawa kesho yake, Nakivubo, na Matiya Mulumba aliachwa afe taratibu kwenye kilima cha Old Kampala. Nilikuwa nimenunua kijitabu cha Kiingereza chenye majina na tarehe, na Mama, ambaye shule yake iliishia darasa la pili, alikuwa ananiuliza kila tulipokata kona: "Hapa nani?" Nilikuwa na F ya Kiingereza. Nilikisia nusu ya maneno. Lakini nilisoma.

Saa tatu na nusu tulianza kupanda Rubaga. Kilima hiki zamani kilikuwa na ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, baba yake Mwanga. Kanisa kuu la Bikira Maria lilianza kujengwa mwaka 1914 na kutabarukiwa Oktoba 1925: matofali mekundu, minara miwili, na ukiwa chini barabarani linaonekana karibu sana, kisha unapanda na kupanda, nalo limekaa palepale. Mama alisimama mara tatu kupumzisha goti. Mara ya tatu alikaa kwenye ukingo wa mfereji, akavua ndala, akavaa raba.

Kabla hatujaingia ndani, nikupe jambo moja la Rubaga ambalo nikifundisha darasani huwa sikosi kulitaja. Mapadri Wazungu wa kwanza kufika Buganda, Simeon Lourdel na Bruda Amans, walitua ufukweni Entebbe Februari 1879. Walitoka wapi? Bagamoyo. Msafara wao ulitembea hadi Tabora, ukaenda kusini mwa ziwa upande wa Mwanza, ndipo hao wawili wakavuka kwa mtumbwi. Basi imani hii nayo ilipita kwetu kwa miguu. Na mwaka 1888 Mwanga alipopinduliwa, alikimbilia wapi? Kusini mwa ziwa, na hatimaye Bukumbi, katika nyumba ya mapadri walewale. Mtu aliyewachoma wanafunzi wao miaka miwili nyuma alipewa chakula na mahali pa kulala. Aliporudishiwa kiti, aliwapa kilima hiki cha Rubaga. Alikufa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 akiwa amebatizwa jina la Danieli. Sijui wewe utamwekaje mtu kama huyo katika jibu la mstari mmoja. Mimi hadi leo najaribu.

Ndani ya kanisa palikuwa pamejaa. Ilikuwa Jumapili ya sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, na misa ilikuwa ya Kiganda. Mama hakuelewa neno, lakini alijua kila mahali pa kupiga magoti. Wimbo ulipoanza ngoma ziliingia, na sauti ikapanda hadi kwenye dari ya juu ikarudi ikiwa imekua. Nilikaa karibu na ukuta, mkono mfukoni, kidole juu ya kitufe cha simu. Nilikuwa nimejiwekea kwamba nitaiwasha hapo, katika kanisa kuu, ili kama habari ni mbaya angalau iwe mahali patakatifu. Upuuzi wa mtu wa miaka 18. Sikuweza kukibonyeza.

Baada ya misa watu walipungua tukaenda kuona kaburi la Askofu Mkuu Yosefu Kiwanuka, mmoja wa Waafrika weusi wa kwanza katika nyakati hizi kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1939. Mama aligusa jiwe kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima kama sufuria bado ni ya moto. Kisha akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa na kalamu ya wino, akanipa. Kina mama walikuwa wanaandika nia zao ili zipelekwe altareni.

"Niandikie," akasema. "Andika: shukrani."

Nikaandika neno hilo, nikasubiri. Hakuendelea.

"Shukrani ya nini, Mama? Matokeo yenyewe bado hatujayaona."

"Matokeo gani?"

"Si ndiyo nadhiri yenyewe?"

Akanitazama kwa muda mrefu. Mbele yetu mtawa alikuwa anazima mishumaa.

"Baba," akasema, na Mama huniita hivyo anapokuwa hana nguvu ya kukasirika, "ulidhani nimepanda basi siku nzima kuja kuombea mtihani?"

Sikujibu.

"Ilikuwa siku ya nne hujulikani ulipo. Nilikwenda hospitali nikaambiwa kuna kijana ameletwa, hana kitambulisho. Nikafunguliwa mlango. Nikaangalia. Hakuwa wewe. Alikuwa mtoto wa mtu, lakini hakuwa wewe. Nilipotoka pale miguu ilikataa, nikakaa chini kwenye kokoto. Nikasema, huyu wangu akirudi kwa miguu yake, nami nitakwenda Namugongo kwa miguu yangu. Ukarudi. Ndiyo nalipa." Akaisukuma karatasi. "Andika jina lako. Wala usiandike habari za shule."

Niliandika. Mwandiko wangu wa siku ile usingepata alama hata moja.

Tulipokuwa tunashuka kilima nilimwambia kwamba matokeo yametoka tangu Alhamisi na kwamba nimezima simu kwa makusudi. Alisema anajua. Sokoni kulikuwa na redio.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungepanda lori."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari kucheka pamoja, na haikuwa kicheko kizuri sana, lakini kilikuwa kicheko.

Kutoka Rubaga unashuka katikati ya mji, na karibu na Nakivubo unapita soko kubwa ambalo watu wote huliita Owino, lakini jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, yule msimamizi wa vijana wa ikulu. Mama, muuza ndizi wa Kilombero, alisimama njia panda. "Soko lina jina la mtakatifu?" Alilitazama kama mtu aliyeonyeshwa kiwanja chake mwenyewe. Nilikaribia kumpoteza pale.

Baada ya hapo ni Barabara ya Jinja, na sina la kuisifia. Ni lami, jua la saa nane, moshi wa malori, pikipiki zinazopita hadi karibu na sikio. Nakawa, Banda, Kireka. Kwenye urefu huo ndipo utajua kama ulikuja kutembea au ulikuja kupiga picha. Malengelenge yalinipasuka mguu wa kushoto. Mama alirudi kwenye ndala zake. Ili tusisikilize miguu, akaniambia nisome tena kijitabu, nami nikafika kwa Mbaga Tuzinde. Kijana huyu alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wanyongaji wa Kabaka, mtu yuleyule aliyepewa kazi ya kuwaua. Mukajanga alimsihi akane. Watu wa nyumbani walimsihi. Alikataa. Mwishowe kile pekee ambacho mlezi wake aliweza kumfanyia ni kuamuru apigwe shingoni afe kwanza, ndipo atupwe motoni.

Mama alitembea hatua nyingi bila neno.

"Ningekuwa mimi ningemwambia akane," akasema. "Mungu anisamehe. Ningemwambia, kana leo, kesho utakuja kutubu ukiwa hai."

Nikamwambia ndivyo Mukajanga alivyofanya.

"Basi namwelewa Mukajanga." Kisha, baada ya kupisha lori, akaanza kusema habari za kwao. Mama alizaliwa Akeri, miteremko ya Mlima Meru. Kule, usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, wamisionari wawili Waluteri wa kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa kabla hata hawajajenga nyumba, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Makaburi ya wamisionari yapo. Kilichofuata ni Kapteni Johannes wa Moshi na askari wake: watu wengi waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikafyekwa na kuchomwa. Miaka michache baadaye Waarusha na Wameru wakalazimishwa kujenga boma la Wajerumani pale mjini, lile ambalo leo ni makumbusho. Bibi yake Mama alikuwa akisimulia njaa ya migomba ile kama jambo la juzi.

"Wazungu wale wawili wana makaburi yenye majina," akasema. "Waliokufa baada yao hawana hata jiwe. Nao walikuwa na mama."

Nakuomba, ukipata swali la upinzani dhidi ya wakoloni, uwakumbuke hao wa Akeri pia. Uko karibu nao kuliko unavyodhani. Kutoka Sokon I unaweza kwenda na kurudi siku moja.

Kireka tuliacha barabara kuu tukaingia ile ya Kyaliwajjala, na hapo hukuweza tena kutembea kwa mwendo wako. Ulitembea kwa mwendo wa watu. Maelfu. Wanaouza rozari, wanaouza miwa, wanaouza chupa tupu za kuchotea maji. Jua lilikuwa linazama tulipoiona basilika: kwa mbali ni kama nyumba ya msonge iliyosukwa kwa chuma, imesimama juu ya nguzo 22 za rangi ya shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Ilichorwa na Mswisi, Justus Dahinden, ikawekwa wakfu mwaka 1975, na altare yake iko mahali alipochomwa Karoli Lwanga, tarehe 3 Juni 1886, akianzia miguuni. Wenzake walifungwa ndani ya matita ya matete wakachomwa kwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana. Hawa Waanglikana wana mahali pao pa hija hapohapo jirani. Kabla yao, katika miaka ya 1870, Mutesa alikwishawaua hapo vijana Waislamu waliokuwa wameshika dini yao kuliko alivyopenda. Nakutajia wote kwa sababu udongo wa Namugongo haukuchagua.

Tulilala nje, kwenye nyasi za mteremko unaoelekea ziwa dogo, kanga mbili chini na kanga moja juu. Kundi letu lilikuwa limetuwekea nafasi. Nilikwenda kuchota maji kwenye chupa, nikamwosha Mama miguu, nikaichua kwa dawa aliyokopeshwa na mwenzake. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kimepasuka na vumbi la Kampala nzima lilikuwa limo ndani. Aliguna, akaniambia nisifinye kama ninakanda unga.

Kisha akasema: "Haya. Iwashe."

Nikaiwasha. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, yenye tochi kichwani. Ilitafuta mtandao muda mrefu, ikatetemeka mara moja. Ujumbe ulikuwa mfupi: *Bado ziro kaka. Ila Kiswahili imekuwa D, mengine F. Pole.*

Nilimsomea kama ulivyo. Nilisubiri koo langu likabwe, kama lilivyokabwa Februari. Lilikabwa, sitakudanganya. Palikuwa na mahujaji kila upande na sikuwa na mahali pa kukimbilia, na nadhani hata kama pangekuwapo, miguu isingeweza. Mama alinyamaza kidogo.

"Hiyo D ndiyo nzuri au mbaya?"

"Ni ya mwisho ya kufaulu, Mama. Ila D moja haitoshi."

"Lakini mwanzo haikuwapo."

"Haikuwapo."

"Ya Kiswahili."

"Ndiyo."

Akajilaza ubavu, mkoba chini ya kichwa, raba mpya ndani ya mkoba. Mwanamke wa Bukoba aliyekuwa upande wa pili akauliza kama kijitabu kile kina majina yote ishirini na mawili, maana wao walikuwa wanayakumbuka kumi na tano tu. Mama akamjibu kabla yangu kwamba yote yamo, na kwamba kijana wake atayasoma.

Nikawasha tochi ya simu. Kurasa zilikuwa zimelowa jasho la mfukoni na maneno ya Kiingereza yalikuwa yaleyale magumu. Wanne au watano walisogea. Nikaanza na Balikuddembe, polepole, nikitafsiri.